Nishani Kifuani, Jiko Mkononi: Baharia Doris Miller katika Ushairi

Jioni moja ya msimu wa kaskazi, katika baraza yetu ya ushairi, nilipewa zamu ya kusoma na kufafanua shairi la kigeni. Nilichagua shairi la Gwendolyn Brooks, malenga wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1917 na kukulia Chicago, liitwalo “Negro Hero”, yaani “Shujaa Mweusi”. Nililieleza kwa Kiswahili ubeti kwa ubeti, nikataja habari za baharia anayehusika na shairi hilo, nikamalizia kwa kusimulia namna alivyovishwa nishani. Wenzangu wakatoa maoni yao juu ya lugha na picha. Mwishoni akauliza mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa mpishi wa meli za mizigo: “Mwalimu, na baada ya kuvishwa hiyo nishani, wakampa kazi gani?” Nikamjibu kwamba walimwacha jikoni. Mzee akatikisa kichwa, akasema: “Basi shairi lenu halijesha.”

Makala haya yametokana na neno hilo. Nimelirudia shairi mara nyingi tangu siku ile, na kila nilisomapo namuona mzee yule amekaa pembeni ya baraza akinisubiri nimalize. Hoja yangu ni hii: miongoni mwa wote waliomsifu baharia huyu, wenye magazeti, wachora mabango, watengenezaji filamu na washairi, Brooks ndiye aliyemkaribia zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeuliza habari za jiko. Lakini aliuliza akaacha, ilhali jawabu lilikwisha kutolewa na bahari kabla kitabu chake hakijatoka.

Tuanze na mtu mwenyewe. Doris Miller alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1919 huko Waco, katika jimbo la Texas, mwana wa tatu kati ya wanne, wote wa kiume, wa Connery na Henrietta Miller. Wazee wake walilima ardhi ya wenyewe kwa kugawana mazao na mwenye shamba. Inasimuliwa kwamba mkunga alitazamia mtoto wa kike, na ndiyo asili ya kijana wa miraba minne kuitwa kwa jina la kike. Hata jina hilo halikumbakia salama, kwani magazeti yalieneza lile la Dorie, na ndilo waliloliimba washairi. Mwezi wa Septemba 1939, akiwa na umri wa miaka 19, alijiandikisha katika jeshi la wanamaji.

Hapa pana jambo ambalo asiyelijua hatalielewa shairi. Wakati ule Mmarekani mweusi aliyeandikishwa katika jeshi hilo hakufunguliwa mlango mwingine ila ule wa kuhudumia chakula. Aliandaa meza za maofisa, aliosha vyombo, alitandika vitanda, alikusanya nguo za kufuliwa. Mizinga, mitambo na usukani vilikuwa vya wenzake weupe. Miller alipangiwa kwanza meli ya kuchukulia risasi na baruti iitwayo Pyro, kisha Januari 1940 akahamishiwa manowari ya West Virginia. Humo akawa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu. Mikono yake ikajulikana kwa ngumi na kwa masinia.

Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliposhambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, Miller alikuwa akikusanya nguo za kufua. King'ora kikalia. Alikimbilia mahali alipopangiwa wakati wa hatari, akapakuta pamekwisha kuharibiwa na topido, lile bomu linalokwenda chini ya maji. Akapanda juu. Kwa kuwa alikuwa na nguvu nyingi, ofisa mmoja akamchukua akasaidie kumbeba nahodha wa meli, Mervyn Bennion, aliyekuwa amechanwa tumbo na kipande cha chuma. Walimsogeza mahali penye stara kidogo, naye akaendelea kuuliza habari za vita mpaka akakata roho. Kisha Miller akaambiwa asaidie kupakia risasi katika bunduki mbili kubwa za rashasha za kutungulia ndege. Punde ofisa aliyemwamuru akaona kwamba mtumishi wa mezani hapakii tena: ameshika bunduki moja mwenyewe, anapiga.

Hakuwa amefundishwa bunduki ile. Baadaye alieleza kwa maneno machache kwamba haikuwa kazi ngumu, kwani alipata kuwatazama wengine wakiitumia. Alidhani kwamba alipiga kwa muda wa robo saa hivi na kwamba huenda aliipata ndege moja. Magazeti yalikuja kumhesabia ndege nyingi zaidi ya hiyo moja ambayo mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Risasi zilipokwisha aliteremka kuwavuta majeruhi katika maji yaliyochanganyika na mafuta, mpaka ilipotolewa amri ya kuihama meli. West Virginia, iliyopigwa kwa topido kadhaa na mabomu mawili, ilikaa chini pale pale ilipokuwa imefungwa, na zaidi ya watu 100 wakafa ndani yake.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Miller alicheza kwao, lakini mwenye ngoma alichelewa kumtunza. Mwanzoni mwa mwaka 1942 jeshi lilitoa orodha ya watu waliostahili kusifiwa, na ndani yake akatajwa mtu mweusi mmoja bila ya jina. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, na magazeti ya watu weusi, hasa Pittsburgh Courier, yakashikilia kuuliza: ni nani? Mwezi wa Machi jina likajulikana. Baadhi ya wabunge, akiwamo Seneta James Mead wa New York, wakataka apewe Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kupita zote. Frank Knox, waziri aliyesimamia jeshi la wanamaji, hakuridhia. Hatimaye Rais Roosevelt aliidhinisha apewe Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, na tarehe 27 Mei 1942 Admeri Chester Nimitz akamvisha kwa mkono wake juu ya sitaha ya meli ya Enterprise. Hakuwako mtu mweusi wa Marekani aliyewahi kuvishwa nishani hiyo kabla yake.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo jeshi likaanza kuwaandikisha weusi katika kazi nyingine zisizo za mezani. Miller hakutolewa upande wa jiko. Mwisho wa mwaka alirudishwa nchini kwa muda azunguke mijini akihutubia watu wanunue hati za mkopo wa vita. Baada ya hapo akapandishwa cheo, na cheo chenyewe kilikuwa cha mpishi wa daraja la tatu. Mwaka 1943 akapangiwa manowari ndogo ya kubebea ndege iitwayo Liscome Bay. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1943, karibu na kisiwa cha Butaritari katika Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati, nyambizi ya Japani iliipiga meli hiyo kwa topido. Ghala ya mabomu ikalipuka, na meli ikazama katika muda wa dakika 23. Watu 644 walikufa, 272 wakaokolewa. Miller hakuwa miongoni mwa waliookolewa, wala maiti yake haikupatikana. Wazee wake waliletewa habari kwamba haonekani tarehe 7 Desemba 1943, miaka miwili kamili tangu asubuhi ile ya Pearl Harbor. Mwaka mmoja baadaye akahesabiwa kuwa amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Huo ndio uhai ambao watu wameusifu. Swali la mhakiki ni hili: wamesifu kitu gani ndani yake?

Litazame bango la mwaka 1943 lililochorwa na David Stone Martin kwa ajili ya serikali. Uso wa Miller ni mtulivu, na Msalaba umening'inia kifuani. Ni picha nzuri, na kwa familia nyingi za watu weusi ilikuwa ni mara ya kwanza kumuona mwenzao akitundikwa ukutani kwa heshima ya taifa. Hata hivyo bango lilitundikwa ili kuwavuta vijana weusi jeshini, na mwenye picha alikuwa angali akipika. Itazame pia filamu ya “Pearl Harbor” ya mwaka 2001, ambamo Miller aliigizwa na Cuba Gooding: humo habari yake inafika kwenye nishani, inasimama. Kadhalika sifa za serikali. Meli ya kwanza ya vita kuitwa kwa jina lake ilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 2020 jeshi lilitangaza kwamba manowari kubwa ya kubebea ndege itaitwa Doris Miller. Ni heshima kubwa, wala siibezi. Lakini sifa zote hizo zimejengwa juu ya robo saa moja. Kilichokuja baada yake kimeachwa chini ya maji.

Washairi waliingia mapema. Langston Hughes, ambaye jina lake si geni kwa wasomaji wa jarida hili, alimtaja Miller katika shairi lililokipa jina kijitabu chake cha mwaka 1943, “Jim Crow's Last Stand”. Jim Crow ndilo jina la utani la zile sheria za kuwatenga weusi na weupe. Katika shairi hilo mkono wa Miller unaposhika bunduki unakuwa dalili ya kwamba ubaguzi umefikia pumzi yake ya mwisho. Ni shairi la jukwaani. Mistari yake ni mifupi na vina vyake viko wazi, na mtu aliyelisikia mara moja angeweza kwenda nalo nyumbani. Sitamlaumu Hughes kwa jambo alilokusudia, kwani watu waliokuwa wakidhalilishwa walihitaji wimbo, naye akawapa. Sisi wenyewe tuna tungo za kampeni na za ngoma za mashindano, na tunajua kwamba utungo wa kuwapa watu moyo hauna nafasi ya shaka.

Lakini utungo wa namna hiyo una gharama yake, na mlipaji ni shujaa mwenyewe. Katika shairi la Hughes, Miller ni bendera, anapeperuka, hasemi. Tena utabiri wenyewe haukutimia kwa upesi ulioimbwa. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitolewa mwaka 1948, wakati ambapo mpishi wa Liscome Bay alikuwa na miaka mitano chini ya bahari, na sheria za Jim Crow katika majimbo ya kusini ziliendelea kuishi baada ya hapo.

Brooks alishika njia nyingine. Shairi lake limo katika kitabu chake cha kwanza, “A Street in Bronzeville”, kilichotoka mwaka 1945. Miaka mitano baadaye, mwaka 1950, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kingine, “Annie Allen”. Katika shairi hili hamsifu Miller hata kidogo. Anamuachia nafasi aseme mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na chini ya kichwa cha shairi anatoa tahadhari kwamba huyu anadokeza tu Dorie Miller. Tahadhari hiyo ni adabu kubwa. Mshairi hadai kwamba ameingia moyoni mwa mtu aliyekuwa hai juzi na jana. Adai tu kwamba ameusikiliza ukimya wake.

Shairi linaanza na fumbo. Msemaji anasema kwamba ili kuwaokoa watu wake wa melini ilimlazimu kuipiga teke sheria yao wenyewe, ile iliyomkataza mtu wa jikoni kugusa bunduki. Kisha analeta mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa: anayezama hamwachii anayemuokoa, humng'ang'ania hata wakazama wote wawili, na mwokoaji hulazimika kumtendea kwa ukali ili amfikishe nchi kavu. Wapiga mbizi wetu wanalijua hilo. Brooks ameuchukua mfano wa kawaida wa baharini akauvika maana nzito. Anayezama katika shairi hili ni taifa zima, na mikono inayomkaba mwokoaji ni sheria zake.

Halafu msemaji anajikiri. Hasemi kwamba aliifikiria haki, wala kwamba aliona mbele historia. Anasema kwamba damu ilimchemka, kwamba kiu ya utotoni ya kushika bunduki ilimpanda, na kwamba kelele za vita zilimlevya kama mtu aliyeonja tembo kwa mara ya kwanza. Katika tendi nyingi za sifa mshairi angeyaficha hayo, kwa kuogopa kuchafua kanzu ya shujaa. Brooks ameyatoa mbele, na kwa kufanya hivyo amemrudishia Miller umri wake. Tukumbuke kwamba aliyekuwa nyuma ya bunduki ile alikuwa kijana wa miaka 22.

Baada ya ulevi huo yaja mapenzi. Demokrasia ya weupe inasawiriwa kama bibi aliyevaa nguo nyeupe, mzuri wa tabasamu, aliyeficha kisu baridi ndani ya mkono wa nguo yake laini. Msemaji anampenda. Kwa ajili ya tabasamu na ahadi iliyotamkwa kwa kigugumizi, anakubali kukisahau kisu, lakini si kukisahau kabisa. Msomaji aliyezoea mashairi yetu ya mahaba anamjua mpenzi wa namna hii, auaye huku akicheka. Jambo la kushangaza ni kwamba mpenzi huyo hapa ni serikali. Mapenzi ya raia mnyonge kwa nchi inayomnyima haki yake hayajapata kuelezwa mbele yangu kwa picha iliyo fupi na kali kuliko hiyo.

Iko mbinu moja ya Brooks ambayo wasomaji wa tungo za mafumbo wataifurahia, nayo ni matumizi ya mabano. Nje ya mabano msemaji anazungumza kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Anafurahia picha zake magazetini, kwa weupe na kwa weusi, na anajiita kito. Ndani ya mabano sauti inashuka, na hapo ndipo anaponong'ona kwamba vita vyake hasa havikuwa na yule anayeitwa adui, bali na wao hao aliowaokoa. Malenga wetu wa zamani walilificha neno la hatari ndani ya jina la mti, la ndege au la chombo. Brooks amelificha ndani ya alama mbili za uandishi, mahali ambapo kila mtu anaona na wengi wanapita.

Nije sasa kwenye vina, kwa kuwa katika visiwa hivi hakuna jambo la ushairi tulilobishania kuliko hilo. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na hasa tangu Kezilahabi alipochapisha “Kichomi” mwaka 1974, tumegawanyika: wako wasemao kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi, na wako wasemao kwamba vina ni pingu. Ningependa pande zote mbili zilisome shairi hili. Mistari yake mingi ni mirefu isiyolingana, na vina vyake huja na kutoweka kama mtu anayefikiri kwa sauti. Kisha ghafla, ndani ya mabano, inasikika sauti ya mzungu mmoja wa mji wa kusini, anayeona kifo ni bora kwake kuliko kuokolewa na damu ya mtu mweusi. Hapo tu, katika shairi zima, vina vinashikana barabara, mstari kwa mstari, kama wimbo wa watoto wa kurukia kamba. Maneno mabaya kuliko yote ndiyo yaliyopewa sauti tamu kuliko zote.

Hilo si pambo. Katika miaka ile ya vita Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliikataa kwanza damu ya wachangiaji weusi, kisha mwaka 1942 likaikubali kwa sharti kwamba itengwe na ya weupe. Kauli ya mtu yule, basi, ilikuwa na taratibu zake na chupa zake hospitalini. Brooks anatuonyesha kwamba chuki iliyozoeleka huwa na mahadhi yake; imekaririwa vizazi na vizazi mpaka inateleza ulimini. Anayefikiri jambo jipya ndiye anayekwama, anayerudi nyuma, anayekosa kina. Mwenye kutetea vina ajifunze hapa nguvu ya vina, na mwenye kuvikataa ajifunze kwamba havikataliki hivi hivi. Swali lenye maana ni kina kimepewa nani, na ili kifanye kazi gani.

Kabla ya sauti hiyo ya chuki ndipo linapokuja swali ambalo kwangu ni moyo wa shairi. Msemaji anauliza kama damu yake ni safi kiasi cha kumwagwa kwa ajili yao, na kama yeye ni mtu wa kuua kwa niaba yao, au kama mahali pake, hata kifo kinapowanyemelea, ni jikoni tu. Neno la jiko limetajwa mara moja, mwisho wa ubeti, na shairi likapita. Msemaji anahitimisha kwamba nafsi yake imetulia na kwamba alifanya kazi njema, ingawa imebaki hofu kwamba huenda wao wataipenda sheria yao kuliko uhai wao.

Sasa namrudia mzee wa barazani. Kitabu cha Brooks kilipotoka, Miller alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa maiti. Swali la jiko lilikuwa limejibiwa, na limejibiwa kwa namna ambayo hakuna mshairi angethubutu kuibuni: ndiyo, mahali pako ni jikoni hata sasa, hata na Msalaba kifuani, hata siku ya kufa kwako. Shairi halilitaji jambo hilo. Msemaji wake ni hai, ametulia, anazungumza kama mtu aliyemaliza kazi. Mtu akitaka kumtetea Brooks, na mimi nimejaribu, atasema kwamba alitunga juu ya tendo moja wala hakutunga wasifu. Na kwamba kumpa marehemu sauti ya aliye hai ni njia ya zamani ya kumnyang'anya mauti ushindi. Utetezi huo una uzito. Lakini nauona upungufu uliobaki. Ule utulivu wa mwisho unamfaa shujaa wa Mei 1942 aliyesimama juu ya sitaha ya Enterprise. Mpishi wa Novemba 1943 haumfai. Brooks aliufungua mlango wa jiko kuliko mwingine yeyote, kisha akaurudishia.

Wako watakaosema kwamba lawama kubwa zaidi ni nyingine: kwamba mshairi msomi wa Chicago amemtia mpishi wa Texas maneno ambayo mpishi asingeyasema. Hiyo siikubali. Yale maneno machache ya Miller juu ya bunduki, kwamba haikuwa kazi ngumu kwa kuwa aliwatazama wengine, yana ndani yake kila alichokifunua Brooks. Ni maneno ya mtu aliyesimama pembeni miaka miwili na masinia mkononi huku akitazama kazi aliyokatazwa, na akaijua. Asiyesikia hasira iliyomo katika utulivu huo hatamfaidi Miller wala Brooks.

Sisi tunaye shujaa anayeweza kutusaidia kupima jambo hili. Katika habari za Fumo Liyongo, zilizotungwa kuwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yuko gerezani, na wokovu wake unatoka jikoni. Mama yake anaoka mikate mizuri ambayo anajua walinzi wataila, na katika mkate wa wishwa, ambao hakuna atakayeutamani, anaficha tupa. Kijakazi Saada anaupeleka. Bila ya unga ule wa wishwa, bila ya mikono ya mama na miguu ya Saada, upinde wa Liyongo ungeozea gerezani. Tungo zetu, basi, zilijua zamani kwamba ushujaa hauanzi penye silaha. Tena Liyongo anakumbukwa kuwa mshairi, mwenye kinywa chake. Na utenzi haukuogopa kumsindikiza mpaka mwisho wake mchungu, alipochomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti na upinde mkononi. Shujaa wa Lamu alipata mtungaji aliyemfikisha kaburini. Shujaa wa Waco alipata waliomfikisha kwenye nishani.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi, wenye bahari nyingine? Kwa sababu vita vile vilifika katika bahari yetu, na kwa chombo cha namna ile ile. Mwezi wa Februari 1944, hata miezi mitatu haijatimia tangu kuzama kwa Liscome Bay, meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu wapatao 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido, ikazama katika dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Hao nao walikuwa na mama zao na kazi zao kabla ya kuvishwa sare. Mabaharia wa visiwa hivi nao, waliopika, waliochochea makaa na waliofunga kamba katika meli za watu kwa miaka mingi, wanaishi kati yetu na wanazikwa kati yetu. Tunapowatungia, kama tunawatungia, tunapenda kuanza na dhoruba.

Kwa vijana wanaoleta tungo zao katika kurasa hizi nina ombi dogo. Ukitaka kumsifu mtu wa bahari, muulize kwanza alikuwa akifanya nini asubuhi kabla ya king'ora, na nini kesho yake baada ya kusifiwa. Miller asubuhi ile alikuwa akikusanya nguo chafu za wengine. Kesho yake, na siku zilizofuata mpaka Liscome Bay, alirudi kuwapikia. Baina ya siku hizo mbili pana robo saa ambayo dunia nzima imeisimulia, na Brooks ameisimulia kwa uzuri uliopita wote. Siku zilizobaki bado zinasubiri mtungaji. Nimemuahidi mzee wa barazani kwamba zamu yangu nyingine nitazijaribu mwenyewe, na ameniambia nisisahau kuulizia walikuwa wakila nini.